Mwale mmoja kwa ajili ya nyutroni yenyewe: barua ya wazi kwa wasimamizi wa vituo vya nyutroni

Waheshimiwa wakurugenzi, wajumbe wa mabaraza ya sayansi, na nyinyi maofisa wa wizara ambao saini zenu ndizo huigeuza michoro kuwa zege,

Nawaandikia juu ya uamuzi ambao kwa kawaida hupita kabla sisi wenye haja nao hatujaitwa kikaoni. Kila chanzo kipya cha nyutroni, zile chembe zisizo na chaji zilizomo kwenye viini vya atomu, kinapochorwa, kuna watu huketi na ramani ya ukumbi na kugawa milango ya miale: huu wa fuwele, huu wa protini, huu wa betri na vyuma, huu wa kupiga picha. Kikao kinapovunjika ramani imejaa. Miaka kumi baadaye wanafizikia wa chembe wanafika na sumaku yao ya mita nane, wanauliza nafasi iko wapi. Jibu tumeshalikariri: poleni, mngesema mapema.

Basi leo nasema mapema.

Karibu vyombo vyote vya vituo vyenu huitumia nyutroni kama tochi. Inamulikwa kwenye sampuli, inatawanyika, na jinsi ilivyotawanyika inatueleza atomu zimekaaje na zinatikisikaje. Ni kazi nzuri, sina neno nayo. Ila wapo wachache wetu tunaotaka kuitazama tochi yenyewe. Nyutroni iliyo peke yake, nje ya kiini cha atomu, huishi kwa wastani wa sekunde 880 hivi, yaani chini kidogo ya robo saa, kisha huvunjika ikawa protoni, elektroni na antinyutrino. Katika kuvunjika huko nguvu hafifu, mojawapo ya nguvu nne za msingi za maumbile, inaonekana ikiwa uchi, bila kiini kizito cha kutuvurugia hesabu. James Chadwick aliigundua nyutroni mwaka 1932, na mpaka leo hatujaafikiana inaishi muda gani.

Sitii chumvi. Wanaofungia nyutroni zenye mwendo wa polepole kabisa ndani ya chombo, kisha wakahesabu zilizobaki, hupata karibu sekunde 878. Jaribio la UCNτ la maabara ya Los Alamos, Marekani, lilitangaza mwaka 2021 sekunde 877.75, likiwa na kosa lisilofika nusu sekunde. Wanaopitisha mwale na kuhesabu protoni zinazozaliwa njiani, kama walivyofanya wa NIST, taasisi ya vipimo ya hukohuko Marekani, walitangaza mwaka 2013 sekunde 887.7, kosa likiwa kama sekunde mbili. Tofauti ni sekunde kumi, na makosa yaliyoandikwa na pande zote mbili hayatoshi kuliziba pengo hilo. Ama kuna kosa lililojificha mahali, ama kuna jambo jipya. Mimi naelekea kwenye kosa lililojificha. Lakini kuelekea kwangu si kipimo, na namba hii ni mojawapo ya zile zinazoamua kiasi cha heliamu kilichopikwa katika dakika za mwanzo za ulimwengu. Haifai kuachwa ikining'inia kwa sababu hakuna ukumbi wa kuipimia.

Sasa nije kwenye kiini cha barua.

Haba na haba hujaza kibaba. Wengi mnaopitia maombi yetu mnadhani shida yetu ni hizo haba: kwamba tunataka nyutroni nyingi, na tukipewa nyingi tutanyamaza. Shida yetu kubwa ni kibaba. Kikiwa kimepinda kwa sehemu moja kwa elfu, ukijaze mara bilioni moja, jibu litabaki limepinda kwa sehemu moja kwa elfu, na ubaya ni kwamba sasa utaliamini zaidi. Kosa la bahati hupungua kadiri unavyohesabu. Kosa la kimfumo hukaa pale pale likikusubiri. Kituo cha fizikia ya msingi, kikisanifiwa sawasawa, ni mashine ya kunyoosha kibaba. Wingi wa nyutroni unafuata.

Chukueni mfano. Nyutroni baridi, yaani iliyopunguzwa mwendo, yenye urefu wa wimbi wa angstromu 5 (angstromu ni sehemu moja kwa bilioni kumi ya mita) hukimbia karibu mita 800 kwa sekunde. Ikipita katika kifaa cha mita 2 inakaa humo milisekunde 2.5 tu. Kwa umri wa sekunde 880, nafasi ya kuvunjika machoni petu ni moja kwa 350,000 hivi. Zilizobaki zote zinasonga mbele na kugonga kizuio cha mwisho, na huko zinamezwa na kuamsha miale ya gama, ambayo vigunduzi vyetu haviwezi kila mara kuitofautisha na elektroni tunayoitafuta. Kwa kila tukio tunalolitaka, mamia ya maelfu ya nyutroni zinapiga kelele mlangoni.

Dawa ya kelele hiyo ni mapigo. Kikundi cha PERKEO III kilipima kuvunjika kwa nyutroni pale ILL, kituo cha nyutroni cha Grenoble, Ufaransa, kwenye kinu cha nyuklia ambacho mwale wake haukatiki. Wakaweka diski inayozunguka yenye tundu, ikawa inaukata mwale vipande vipande. Kipande kimoja kinapokuwa katikati ya spektrometa, kifaa cha kupimia elektroni hizo, diski imeshafunga nyuma yake na kizuio cha mbele hakijaguswa bado. Katika milisekunde chache hizo ukumbi umetulia, na elektroni zinazofika zinatoka kwa nyutroni zinazovunjika pale pale. Kipande kikishamezwa, wanausikiliza ukumbi mtupu, diski ikiwa imefunga vilevile, na kelele iliyobaki wanaitoa kwenye hesabu. Walilipia usafi huo kwa kuitupa kwenye diski sehemu kubwa ya mwale waliopewa. Mwaka 2019 wakachapisha: mkengeuko wa elektroni kuelekea upande mmoja wa spini ya nyutroni (mzunguko wake wa ndani) ni −0.11985, kosa likiwa chini ya sehemu mbili kwa elfu, na kutokana nao uwiano wa nguvu mbili zinazovunja nyutroni ni −1.27641. Hakuna aliyekuwa ameipima kwa usahihi huo.

Hebu ligeuzeni hilo vichwani mwenu. Watu wanapewa mojawapo ya miale mikali kuliko yote duniani, wanautupa mwingi wake kwa hiari, na wanatoka na kipimo bora kuliko cha waliotumia wote. Ningekuwa na dakika moja tu mbele ya baraza lenu, ningesimulia hilo na kuketi.

Chanzo cha mapigo hakina haja ya kutupa kiasi hicho. Pale Lund, Sweden, kituo cha Ulaya cha ESS kimesanifiwa kurusha protoni za gigaelektronivolti 2 kwenye gurudumu la tungsteni linalozunguka, mara 14 kwa sekunde, kila pigo likidumu milisekunde 2.86. Kati ya pigo na pigo kuna karibu milisekunde 69 za ukimya. Nyutroni zinazaliwa zikiwa zimeshafungwa vifurushi. Kazi ya diski inabaki kuparura kingo. Waliopendekeza ANNI, kituo cha mwale baridi kwa fizikia ya chembe ndani ya ESS, walieleza kwamba ung'avu wa kilele wa mapigo hayo ungekuwa mara 50 ya ule wa ILL. Hata mkikata namba hiyo vipande kwa sababu nguvu ya kuanzia ni ndogo kuliko megawati 5 za mchoro wa awali, hakuna upandishaji wa kinu utakaowapa kitu kama hicho. Kuongeza nguvu ya chanzo bila kuusafisha mwale ni kutwanga maji kwenye kinu, na neno hilo kinu hapa lisomeke kwa maana zote mbili.

Hata hivyo, vyombo 15 vya awamu ya kwanza vya ESS vyote ni vya kuchunguza mada: mtawanyiko, mipangilio ya atomu, picha. Hakuna hata kimoja cha nyutroni yenyewe. Marekani, pale Oak Ridge, walitenga mlango namba 13 wa SNS, chanzo chao cha mapigo, kwa fizikia ya msingi, na humo likafanyika jaribio la NPDGamma, ambalo mwaka 2018 lilitoa namba ya mkengeuko mdogo sana wa miale ya gama haidrojeni inapomeza nyutroni: sehemu tatu kwa milioni mia moja. Kipimo kidogo namna hiyo hakipatikani kwenye mwale wa kuazima. Japani, kwenye kituo cha J-PARC, mlango wa 05 unafanya kazi hizi hizi. Sioni kwa nini chanzo chenye mapigo marefu na yenye nguvu kuliko vyote kiwe ndicho kisicho na mlango.

Mapigo yana zawadi nyingine ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ya kelele, na ndiyo inayonifanya niandike badala ya kulalamika kwenye foleni ya chai. Kila nyutroni inafika ikiwa na saa mkononi. Tukijua ilizaliwa lini na imefika lini, tunajua mwendo wake. Chukueni swali la kama nyutroni ina ncha mbili za umeme, chanya huku na hasi kule, hata kidogo sana. Likijibiwa ndiyo, litatusogeza karibu na kujua kwa nini ulimwengu una mada na si mwanga mtupu. Wanafizikia Smith, Purcell na Ramsey walilianza kwa mwale pale Oak Ridge, na mwaka 1957 wakachapisha kikomo chao cha kwanza. Baadaye njia ya mwale iliachwa, kwa sababu nyutroni inayokimbia ndani ya uga wa umeme hujiona imo ndani ya uga mdogo wa sumaku pia, na uga huo bandia hujifanya kuwa kile tunachokitafuta. Wafungaji wa nyutroni za polepole wakachukua uwanja. Kikomo cha sasa, kilichotolewa kwenye taasisi ya PSI, Uswisi, mwaka 2020, ni 1.8 × 10⁻²⁶ kwa kizio cha chaji ya elektroni mara sentimita.

Lakini tazameni kinachotokea mwale ukiwa na saa. Athari ya kweli hukua kadiri nyutroni inavyokaa ndani ya uga, kwa hiyo za polepole huonyesha zaidi. Athari bandia haifanyi hivyo: nyutroni ya kasi inaona uga bandia mkubwa zaidi lakini kwa muda mfupi zaidi, mambo mawili yanafutana, na kila mwendo unatoa jibu lilelile. Chora jibu dhidi ya muda wa safari. Mstari ukiinama, una kitu. Ukilala, ni bandia. Kosa lililoiua njia nzima linageuka kuwa mstari mlalo kwenye karatasi. Pendekezo la kurudi kwenye mwale kwa njia hii lipo, na linahitaji chanzo cha mapigo chenye njia ndefu iliyonyooka mwishoni. Njia hiyo nani ameichora?

Hapo tunafika kwenye michoro, na nitawaomba mvumilie hesabu kidogo, maana ndiko wanasiasa na wahandisi hupishana.

Umbali kwanza. Kwa mapigo 14 kwa sekunde, upana wa urefu wa mawimbi unaoweza kupita bila pigo moja kulikanyaga la mbele yake ni takriban angstromu 282 zikigawanywa kwa mita za umbali. Mkituweka mita 30 kutoka kwenye chanzo, tunapata angstromu 9.4, yaani karibu nyutroni baridi zote zenye faida. Mkitusukuma mita 150, tunabaki na 1.9, na mengine yote yanakwenda kwenye diski. Wenzetu wa mtawanyiko mara nyingi wanataka umbali, maana unawapa usahihi wa kupambanua mawimbi. Sisi tunataka kukaa karibu. Na viwanja vya karibu ndivyo vinavyogombewa na kugawanywa kwanza, ndiyo sababu maneno ya heri ya «tutawatafutia mahali baadaye» hayatusaidii. Mahali pa baadaye huwa pa mbali.

Ila kukaa karibu kuna hatari yake. Kutoka kwenye shabaha inayopigwa na protoni zinaruka nyutroni za kasi kubwa na gama ambazo hazijui kupinda. Nyutroni baridi zinajua: zinateleza kwenye vioo vya tabaka nyingi kama jiwe juu ya maji, mradi pembe iwe ndogo. Kwa hiyo mfereji unapindwa mpaka mwisho wake usiweze kabisa kukiona chanzo, za baridi zinafuata mpindo na za kasi zinazama ukutani. Mfereji wa upana wa sentimita 6 uliopindwa kwa nusukipenyo cha mita 800 unahitaji karibu mita 20 kabla ya kupoteza kuonana na chanzo. Hizo ni theluthi mbili za umbali wote niliouomba. Lakini gawa mfereji huohuo vyumba sita vya sentimita moja moja kwa vioo vyembamba, na kwa pembe zilezile za kuteleza utapoteza kuonana ndani ya mita 3 na kidogo. Kuta za vyumba zinakula sehemu ya mwale, ndiyo. Mimi ningelipa bei hiyo bila kufikiri mara mbili, na ningependa mpindo uwe ndani kabisa ya ukuta mkuu wa kinga, ili uchafu ufie mahali ambapo zege nene tayari limeshalipiwa. Mpindo ukiachwa nje, kila kikundi kitakuja na matofali yake ya risasi, na mwishowe mtakuwa mmejenga kinga hiyohiyo mara tano kwa bei ya mara tano.

Diski zisiwe moja. Nafasi ya mbili au tatu katika umbali tofauti, hata kama mwanzoni zitakaa tupu, ndiyo inayoruhusu jaribio moja lichukue kipande chembamba cha mwendo na lingine lichukue pigo zima. Mashimo hayo kwenye kinga ni rahisi siku ya kuchora na ni balaa baada ya hapo.

Halafu mwisho wa mwale, ambao kwa maoni yangu ndio kituo chenyewe. Mengine ni bomba. Vyombo vya kawaida vinakuja na sampuli ya ukubwa wa kidole. Sisi tunakuja na nyumba. Kifaa cha PERC kilichobuniwa kwa ajili ya Garching, Ujerumani, kina eneo la kuvunjikia nyutroni lenye urefu wa mita 8 ndani ya sumaku ambayo nyaya zake hazina ukinzani wa umeme. Mita nane hizo zinaigeuza ile moja kwa 350,000 niliyoitaja kuwa karibu moja kwa 90,000, na hakuna njia nyingine ya kuupata wingi huo ila urefu. Kwa hiyo tunahitaji sakafu ndefu isiyo na nguzo katikati, inayobeba uzito, kreni inayofika mwisho wake, heliamu ya kimiminika, na ruhusa ya usalama ya haidrojeni iliyofikiriwa mapema. Nyuma ya hayo yote, mita kadhaa tupu kati ya kifaa na kizuio cha mwisho. Mita hizo tupu ndizo kwanza kukatwa bajeti inapobana, kwa sababu kwenye mchoro zinaonekana kama hazina kazi. Kazi yake ni muda: kadiri kizuio kilivyo mbali, ndivyo kifurushi kinavyokaa kimya muda mrefu zaidi kabla ya kupiga kelele.

Na nondo. Tafadhali, nondo. Majaribio yetu husoma uga wa sumaku kwa nanotesla, yaani sehemu za bilioni za tesla, kizio cha uga huo, na chuma cha kawaida kilichozikwa sakafuni kinakuwa na kumbukumbu ya kila sumaku iliyowahi kupita juu yake. Kwenye kituo kimoja nisichokitaja, tulipoteza karibu majuma matatu tukiwinda badiliko la uga lililotokea kila siku jioni. Tulikagua nyaya, pampu, mpaka taa. Mwishowe mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekawia kuondoka akaona kreni ya jirani ikiegeshwa juu yetu kila kazi ilipokwisha. Hapakuwa na mkosaji. Kreni ilikuwa na haki ya kulala pale, na hakuna aliyewahi kuandika kwamba chini yake patakuwa na watu wanaohesabu nanotesla. Nondo zisizoshika sumaku katika eneo dogo la sakafu, na mstari mmoja kwenye kanuni za ukumbi kuhusu kreni, ni gharama ambayo mkandarasi ataitaja kwa sentensi moja kwenye zabuni. Baada ya zege kukauka haina bei.

Ujirani ni wa pande mbili. Sumaku zetu nasi zinavuja, na jirani mwenye vigunduzi vyepesi ataumia. Tupeni jirani mvumilivu, au ukuta, au kona.

Nitaje jambo moja ambalo ESS walilifanya vizuri, nisije nikaonekana nabomoa tu. Katika kinga kuu inayozunguka shabaha waliacha mlango mkubwa, wa ukubwa wa kama milango mitatu ya kawaida, wakifikiria jaribio la kutafuta kama nyutroni inaweza kugeuka antinyutroni. Mara ya mwisho hilo lilitafutwa kwa mwale ilikuwa ILL, na matokeo ya mwaka 1994 yalisema kwamba kama mgeuko huo upo, muda wake unazidi sekunde milioni 86. Uwezekano wa kuuona hukua kwa mraba wa muda ambao nyutroni inaruka huru, bila kuguswa na bila uga wa sumaku, hivyo jaribio jipya linataka njia ya mita 200 hivi na mdomo mpana kule linakoanzia. Mdomo huo usingeweza kuchongwa baada ya shabaha kuwa na mionzi. Mtu mmoja, au kamati moja, ilifikiri kwa wakati. Naomba fikra hiyohiyo, safari hii kwa mwale wa kawaida.

Najua mtakachojibu, maana nimejibiwa. Kwamba vyombo vya mtawanyiko vinahudumia mamia ya wageni kwa mwaka na kutoa makala kila juma, huku sisi tukikaa miaka na kutoka na namba moja. Ni kweli. Data za PERKEO III zilikusanywa karibu miaka kumi kabla ya ile makala ya 2019. Muda uliobaki ulikwenda kwenye kuwinda makosa, na kundi lilijificha jibu lake lenyewe mpaka hesabu zilipokwisha ili matumaini yasilisukume. Mkitupima kwa idadi ya makala kwa kila siku ya mwale, tutashindwa daima. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokuja kwa siku nne na sampuli kwenye begi. Sisi tupimeni kwa ukubwa wa kosa tulilolipunguza, na mtupe mwale kwa mizunguko mizima ya uendeshaji, si kwa siku. Jaribio ambalo linalazimika kufunguliwa na kufungwa upya kila baada ya wiki mbili haliwezi kujua kama lilichopima ni maumbile au ni skrubu.

Mtasema pia kwamba vinu vinapungua na kila mlango ni dhahabu. Ni kweli vilevile: BER II cha Berlin na Orphée cha Saclay vilizimwa vyote viwili mwaka 2019. Lakini vikipungua, ndipo hatuwezi kusema «nendeni kwingine». ILL imefanya kazi tangu mwaka 1971 na haitaishi milele. Siku itakapozimwa, fizikia hii Ulaya itakuwa na mahali pa kwenda au haitakuwa napo, na jibu litakuwa limeandikwa kwenye ramani mnazozipitisha sasa.

Ninaloomba halihitaji pesa zote kesho. Katika duru ijayo ya kuchagua vyombo, kokote mnakofanya uamuzi huo, mlango mmoja wenye mtazamo mzuri wa kipoozaji, pale nyutroni zinapopunguzwa mwendo zikawa baridi, utengwe na uandikwe jina. Mfereji uliopinda uwekwe ndani ya kinga wakati kinga ingali wazi, hata kama utazibwa kwa plagi ya chuma miaka mitano. Sakafu ya mwisho wake isijengewe ofisi wala ghala. Wahandisi wa ujenzi wakutane na watu wa sumaku kabla ya zabuni ya nondo, mara moja tu, saa mbili zinatosha. Na katika jedwali la vigezo vya kuchagulia vyombo, pembeni ya safu ya «idadi ya watumiaji», iwepo safu nyingine ya «kosa linalotarajiwa kupunguzwa».

Hesabu za mfereji wa vyumba sita ninazo, pamoja na mchoro wa sakafu uliowekewa alama mahali kreni isipolala. Nitavileta kikaoni siku yoyote mtakayoita, na nikiambiwa dakika kumi nitatumia kumi.

Kwa heshima,

Mmoja wa wanaohesabu nyutroni